Ukianza kusoma tawala ndogo za Kilutheri za Ujerumani, anza na ukoo

Nyie mnaoanza kusoma zile tawala za Thuringia, katikati ya Ujerumani, ramani iacheni kwanza, choreni mti wa ukoo. Chukua Sachsen-Gotha. Ernst, yule wanayemwita Mchamungu, alipata utemi wake 1640 baada ya kugawana na ndugu zake, akaujenga vizuri tu, halafu akafa 1675 akaacha wana saba na hakuna sheria ya mkubwa kurithi vyote, basi 1680 utemi wenyewe mdogo ukakatwa vipande 7, kama kihamba (shamba la ukoo) cha Moshi vile, kila mtu na ikulu yake. Kipande cha Coburg kikakosa mrithi 1699, Eisenberg 1707, Römhild 1710, na waliobaki wakawa wanagombania tu.

Majina nayo ni balaa. Gotha ina akina Friedrich wanne, na Ernst I wako wawili, wa kwanza ni huyo Mchamungu, wa pili ni wa Coburg aliyeipata Gotha 1826, baba yake Albert mume wa Malkia Victoria. Kwenye noti zako usiandike jina bila mwaka.

Ila utamu uko kwenye makaratasi. Vita ya Miaka 30 bado inaendelea, Ernst Mchamungu anatuma wakaguzi kwenye sharika kuuliza watu kama wanaijua katekisimu (mafundisho ya imani ya maswali na majibu), na 1642 rekta (mkuu wa shule) Andreas Reyher anatoa mwongozo wa shule: watoto kuanzia miaka 5, wavulana kwa wasichana, mzazi asiyepeleka anapigwa faini. Wengi wakifika hapo wanashangilia elimu kwa wote, mi nasema someni taratibu, mtemi alikuwa anatafuta waumini wazuri na raia watiifu kwa mpigo mmoja.

Na mwaka 1652 msiuruke jamani. Abba Gorgoryos, kasisi wa Ethiopia, alitoka Roma akaja kukaa kwenye ngome ya Friedenstein hapo Gotha, mtemi akawa anamhoji kuhusu kwao, na msomi Hiob Ludolf akaendelea kujifunza kwa Gorgoryos, kamusi ya Ludolf ya Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, ikatoka 1661. Watu wanamsifia Ludolf peke yake, sio haki hata kidogo.

Halafu tarehe. Kabla ya 1700 Walutheri hawa walishika kalenda ya zamani, wakawa nyuma ya kalenda mpya ya Wakatoliki kwa siku 10, kwa hiyo ukikuta barua ya Vienna, kwa Wakatoliki, ya tarehe 20 imejibiwa Gotha tarehe 18 mwezi huohuo usimlaumu karani, ile ya Gotha iongeze siku 10 ndo uanze kuhesabu.