Kibo kutoka barazani: maswali ya wastaafu kuhusu picha za mawio na machweo

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Majengo, Moshi. Naamka alfajiri kila siku lakini sijawahi kupata jua likichomoza nyuma ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Nakosea wapi?

Hukosei popote, mwalimu. Ukiwa Moshi mjini, Kibo kiko kaskazini kwako, na jua halichomozi huko. Hata mwishoni mwa Juni, linapofika mbali kabisa upande wa kaskazini, hutokea kaskazini-mashariki, kulia kwa Mawenzi, kilele cha pili cha mlima. Desemba huhamia kusini-mashariki, kulia kwako, nyuma kidogo ya bega. Unachopaswa kuwinda ni rangi inayoangukia barafu, na hiyo inakuja mapema: kilele kiko mita 5,895, wewe uko kama mita 850, kwa hiyo Kibo kinaliona jua takriban dakika 10 kabla yako. Ukisubiri jua lifike uani, rangi ya waridi imeshapita. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, halikawii. Kamera iwe imeshatengwa dakika 20 kabla ya muda wa mawio unaoandikwa kwenye programu ya simu. Moshi muda huo hucheza kati ya saa 12:05 na 12:40 asubuhi kutegemea mwezi.

Januari na Februari ndiyo miezi yako. Jua liko kusini, linapiga moja kwa moja ule upande wa barafu unaoutazama. Juni hadi Agosti upande wa Moshi hufunikwa na wingu la chini mara kwa mara, na hata likifunguka, uso wa kusini unakuwa kwenye kivuli wakati wa mawio na machweo.

Sisi tuko Sanya Juu. Je, huku jua linapita nyuma ya mlima?

Ndiyo, mna bahati. Kwenu Kibo kiko mashariki, kikielekea kaskazini kidogo. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai jua hutokea nyuma ya kilele au kwenye bega lake la kushoto. Ila msiamini muda wa programu: huo ni wa upeo ulio tambarare. Mlima umewazibia, kwa hiyo jua lenyewe mtaliona karibu nusu saa baadaye. Hiyo nusu saa ndiyo ya kupiga, anga likiwa na rangi na mlima ukiwa kivuli cheusi chenye ukingo mkali.

Wa Rombo, upande wa mashariki wa mlima, mambo yao ni kinyume: jua huwapotea jioni nyuma ya mlima, Mawenzi akiwa mbele, mapema kuliko programu inavyosema.

Kwa macho mlima ni mkubwa, kwenye simu unakuwa kichuguu. Kwa nini?

Lensi kuu ya simu inachukua upana wa nyuzi 70 hivi. Kutoka Moshi, sehemu ya juu ya Kibo inachukua nyuzi 5 tu, yaani moja ya kumi na nne ya picha. Gusa x3 kama simu yako ina lensi ya pili ya kuvuta. Hapo Kibo na Mawenzi vinaingia pamoja vizuri. Kama haina, ukivuta simu inakata tu katikati ya picha na kuikuza, ndiyo maana barafu inatoka kama uji. Kwa kamera, lensi ya milimita 50 hadi 70 inatosha vilele viwili, na 200 inatosha Kibo peke yake.

Anga likitoka vizuri mlima unakuwa mweusi. Mlima ukionekana anga linakuwa jeupe.

Simu inapima mwanga kwa wastani wa kila kitu. Bonyeza kidole kwenye anga, kando ya jua, ukishikilie hadi mwanga na fokasi vifungwe, kisha telezesha kialama cha jua chini kidogo. Giza unaweza kulipandisha baadaye. Anga lililoungua haliponi. Mwenye kamera apige tatu mfululizo, moja ikiwa chini kwa hatua 2 za mwanga (EV), moja ya kawaida, moja juu kwa hatua 2, halafu aziunganishe.

Jambo linalosahaulika ni mizani ya rangi (white balance). Ikiachwa ijipange yenyewe, mashine huona waridi ni kasoro na kuisafisha, barafu ikarudi nyeupe. Iweke kwenye mwanga wa jua, au kelvini 5,500.

Baba amestaafu na anataka kuanza. Nimnunulie kamera gani?

Kamera isubiri, anza na stendi ya miguu mitatu na kishikio cha simu. Alfajiri shata, yaani pazia la kupitisha mwanga, hukaa wazi muda mrefu na mkono wowote hutikisika, wa mzee hata zaidi. ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, kipima muda sekunde 2, na kama ni kamera, azime kitulizaji mtikisiko ikiwa kwenye stendi. Sakafu ya mbao inapitisha hatua za wanaopita. Sementi ni bora. Na asichungulie jua kupitia tundu la kamera yenye lensi ndefu, atumie skrini ya nyuma ya kamera. Hili halina mjadala.

Asubuhi kuna baridi, napigia dirishani. Picha zina ukungu na taa ya sebuleni inaonekana.

Zima taa, fungua kioo ukiweza. Usipoweza, gusisha lensi kwenye kioo na uizungushie kitambaa cheusi. Wavu wa mbu ndio mbaya zaidi: hauonekani kwenye picha, lakini unaifubaza yote.

Nyaya za umeme zinakata mlima katikati.

Sogea mita mbili tatu, au panda ngazi ya nje, nyaya zishuke kwenye miti. Kuzifuta kwa simu kunaacha makovu kwenye barafu, na yeyote anayeujua mlima atayaona.

Nataka kuchapisha moja ya sentimita 30 kwa 45. Studio wanasema haina ubora.

Bila shaka uliwatumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa. Itume kama dokumenti, au peleka kadi yenyewe. Kwa ukubwa huo, megapikseli 8 au 9 zisizokatwa zinatosha.