Jibu: Kucheza Muthaiga kwa mara ya kwanza

Kaka, umesema umezoea kucheza gofu Mombasa, handikapu yako (kipimo cha kiwango cha mchezaji) ni 18, umealikwa Muthaiga Golf Club, Nairobi, na unauliza ujiandae vipi. Hongera sana! Hapo ndipo Seve Ballesteros, yule bingwa wa Hispania, aliposhinda mashindano ya gofu ya Kenya Open mwaka 1978.

Jambo la kwanza ni hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mpira unaruka mbali zaidi, karibu asilimia 10. Fimbo namba 7 inayokupa mita 140 huko pwani, huku itakupeleka 150 na ushee. Wageni wengi hupitiliza grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) kwenye mashimo matatu ya mwanzo kabla hawajaamini.

Lakini kinachotesa hasa ni nyasi za kikuyu, aina ya nyasi nene zinazotambaa. Nimewahi kusimama hatua tatu kutoka kwenye mpira wangu nisiuone. Ulikuwa umezama, kimebaki kidoti cheupe tu. Ukipiga hapo, majani yanashika shingo ya fimbo na uso wake unageukia kushoto. Kaza mkono wa kushoto, chukua fimbo fupi yenye mwinamo mkubwa, rudisha mpira ferwei, yaani njia ya nyasi zilizokatwa fupi. Usitamani grini kutoka humo, tafadhali. Na karibu na grini usitegemee mpira udunde ubingirike kama huko kwenu, kwa sababu nyasi hizi zinaunasa palepale ulipoangukia. Urushe utue juu ya grini.

Kwenye kupati, yaani kuusukuma mpira juu ya grini hadi shimoni, msikilize kedi, msaidizi anayekubebea fimbo. Yeye anaijua miteremko ambayo jicho la mgeni halioni.