Sukuma ya Senge: panda chipukizi, usinunue miche

Mwaka juzi nilinunua miche 50 ya sukuma wiki, nikaipanda saa nne asubuhi, jua la Kisumu likiwa tayari limewaka. Kufikia saa tisa yote ilikuwa imelala. Nikaimwagia maji mpaka udongo wetu mweusi wa Nyamasaria ukawa tope, na ulipokauka ukapasuka na kukata mizizi. Niliumia sana.

Senge, ndivyo sisi Wamaragoli tunavyomwita shangazi, alikuja kutoka Mbale ya Vihiga na furushi la majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na machipukizi ya sukuma yake kuukuu. Sukuma ikishachumwa muda mrefu hurefuka na kuchipua ubavuni mwa shina. Wengi wetu huyakata hayo tukampa ng'ombe, kumbe ndiyo mbegu.

Chagua chipukizi nene kama kidole, la urefu wa shubiri moja. Usilikate kwa kisu; livute kuelekea chini kwa mkono libanduke na kisigino chake, kile kipande kidogo cha ganda la mama. Senge alinishika kidole akanigusisha hapo: "Mizizi inatokea hapa." Kisha pukutisha majani makubwa, acha mawili au matatu machanga ya juu, maana bila mizizi majani mengi hunyonya maji yasiyorudishwa. Usichukue kwenye shina lenye majani ya manjano pembeni au mishipa myeusi. Ugonjwa utahamia nao.

Tulipanda saa kumi na moja jioni. Samadi iliyooza vizuri, konzi moja kwa shimo, ikichanganywa na udongo. Futi moja na nusu kati ya shimo na shimo. Zika chipukizi nusu yake, na ushindilie udongo kwa vidole mpaka ukilivuta taratibu lisitoke. Mkosa hili hukosa yote. Maji kikombe kimoja, kisha kivuli cha matawi kwa siku tano hivi.

Kuna sota pia, yule funza mweusi anayejikunja ukimgusa, hukata mche shingoni usiku. Senge huvisha kila shina kipande cha gazeti, nusu juu ya udongo, nusu chini.

Na mboga nyingine za kienyeji? Managu, yaani mnavu, huhamishika vizuri kutoka kitaluni. Saga, yaani mgagani, usiihamishe: mzizi wake ni mmoja, mrefu, na ukikatika mmea hudumaa. Mwaga mbegu palepale utakapochumia.