Kioo kimekufa, gemu bado inaunguruma

Swali: Shikamooni mafundi. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunga kipande kwa kipande: kadi ya grafiki RTX 3060, pawa saplai ya wati 500 iliyokuja ndani ya kasha, na monita ya inchi 27 ya 2560 kwa 1440, Hz 144 (picha 144 kila sekunde), nimeichomeka kwa waya wa picha wa DisplayPort. Filamu na kazi za chuo inapiga siku nzima bila kusumbua. Gemu nyepesi inavumilia. Nikiingia kwenye gemu nzito, kioo kinakuwa cheusi na kuandika "No Signal", lakini sauti inaendelea na wenzangu nawasikia wakiniita. Feni za kadi nazo zinaanza kupiga kelele. Siku nyingine nacheza dakika 20, siku nyingine hata sekunde 10 hazifiki. Waya nimeshabadilisha mara mbili. Fundi kaniambia kadi imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje? *Msomaji, Sinza*

Jibu: Marahaba. Kadi usinunue kwanza.

"No Signal" ni kauli ya monita, na hapo monita haidanganyi: inasema haipokei kitu. Sauti ikiendelea, ujue prosesa, Windows na gemu vyote viko hai, na aliyenyamaza ni mtumaji wa picha. Wa kuhojiwa ni waya, umeme unaoingia kwenye kadi, joto, draiva (programu inayoiendesha kadi), na mwisho kabisa kadi yenyewe. Mafundi wengi huanzia mwisho kwa sababu ndiko kwenye hela.

Tuutoe waya njiani. Monita yako kwa Hz 144 inapokea karibu gigabiti 14 kila sekunde, na inapokea kiasi hichohicho ukiwa unaandika barua au unapiga risasi. Waya haujui umebeba nini. Waya mbovu basi ungekusumbua hata kwenye filamu: kioo kupepesa, vidoti vyeupe, kuzima sekunde 2 na kurudi. Ila kuna mlango mmoja wa kujitetea. Ukiwa umewasha FreeSync au G-Sync, yaani mpangilio wa monita kufuata kasi ya kadi, gemu inapoanza monita hubadilisha mwendo wake kila mara, na waya dhaifu huweza kukatika hapo. Zima hiyo kwenye menyu ya monita na kwenye mipangilio ya kadi, kisha ujaribu. Ukitaka kuwa na hakika zaidi, shusha monita hadi Hz 60, ambapo mzigo wa waya unapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini zima na V-Sync ndani ya gemu, ile inayoifunga kadi kwenye mwendo wa monita, la sivyo kadi nayo itapunguza kazi na hutajua kipi kilichokuponya.

Wakati kioo kinapozima, mkono usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock uone kama taa yake ndogo inawaka na kuzima. Kisha bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, amri inayoiambia Windows iwashe upya draiva ya kadi. Picha ikirudi, tatizo ni draiva au waya. Isiporudi, na feni za kadi zinavuma kwa nguvu zote kama ulivyoeleza, kadi imepoteza fahamu: ama imekosa umeme, ama imejikinga na joto.

Ukishawasha upya, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, utafute dakika ileile picha ilipopotea. Namba 4101 maana yake Windows iliisubiri kadi sekunde 2, ikakosa jibu, ikaiwasha upya draiva. Namba 41 ya Kernel-Power inasema kompyuta ilizimika bila kuagwa, wala haisemi kwa nini, kwa hiyo usiifanye ushahidi wa kila kitu. Na kama picha ilipotea na kurudi yenyewe huku hakuna chochote kilichoandikwa, Windows haikujua kama kuna shida. Hapo ndipo unaporudi kwenye waya, soketi zake au monita.

Sasa zile sekunde 10. Kadi iliyotoka kupoa ni nadra kuchemka kwa muda huo. Kinachokuja ghafla namna hiyo ni mzigo wa umeme. RTX 3060 hula wati 170, na NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa chipu yake, wanashauri pawa saplai ya wati 550. Tena hizo 170 ni wastani: kwa vipande vya sekunde kadi huruka juu zaidi ya hapo, na pawa saplai dhaifu ikishindwa kumudu mruko huo, volti 12 zinashuka na kadi inadondoka. Filamu haifikishi mzigo huo hata kwa mbali.

Fungua ubavu wa kasha usome lebo ya pawa saplai. Usisome ile 500 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari wa +12V na ampia zake, uzidishe kwa 12. Ukikuta ampia 25, una wati 300 tu za kugawana kadi, prosesa, feni na diski. Kadi imeshachukua 170, na prosesa ya kawaida inaweza kutaka 65 hadi zaidi ya 100. Hesabu inabana kabla hujafika kwenye mruko. Pawa saplai nyingi zinazokuja bure na kasha ziko hivyo: maandishi makubwa, shaba kidogo. Nyepesi mkononi kama boksi la biskuti.

Ukiwa hapohapo ndani, tazama plagi inayoingia kwenye kadi. Sloti ya mazabodi (ubao mkuu) hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. Plagi ya pini 8 mara nyingi ni vipande viwili, 6 na 2, na kile kipande cha pini 2 hupenda kukaa nusu nje. Sukuma mpaka usikie "ta!". Plastiki ikiwa na rangi ya kahawia, au pini moja imeingia ndani kuliko wenzake, kuna joto limepita hapo. Na kama fundi alikuwekea adapta inayogeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa pini 8, itoe leo. Plagi moja ya SATA imepangiwa ampia 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Adapta hizo huyeyuka, na si kwa mfano wa maneno.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Pakua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha Power Limit (kikomo cha umeme wa kadi) hadi asilimia 70, ucheze gemu ileile kwa saa nzima huku HWiNFO, programu ya kupima joto, ikirekodi. Kioo kisipozima, washukiwa wakuu ni wawili, umeme na joto. Rudisha 100, acha izime tena, kisha usome rekodi mstari wa mwisho kabla ya kimya. Ikizima kwenye nyuzi 60, ni umeme. Ikipanda taratibu, ikapita 83 ambapo kadi hizi huanza kujipunguzia kasi, halafu ndipo ikazima, ni joto.

Joto la Dar tusilidharau. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba chenye bati juu na dirisha moja kinaweza kuanza na nyuzi 33 kabla hujawasha kitu, na kadi hupoa kwa hewa hiyohiyo. Fungua ubavu, elekeza feni ya mezani ndani, ucheze. Hali ikibadilika, una kazi ya usafi: brashi laini na hewa ya kupuliza, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Angalia pia tofauti kati ya joto la GPU (chipu ya kadi) na la Hot Spot, sehemu yake yenye joto kuliko zote. Nyuzi 10 hadi 15 ni kawaida. Zikizidi 25, pesti ya kupitisha joto imekauka au heatsinki, chuma cha kupoozea chipu, haikukaa sawa. Wakati wa kubadilisha pesti, tunza vile vibandiko laini vya kwenye memori na upime unene wake. Ukiweka cha milimita 1.5 mahali pa 1, heatsinki inanyanyuka na chipu yenyewe inakosa mguso. Kadi hurudi inachemka kuliko ilivyokwenda.

Draiva hatujaisahau. Ukikuta 4101 nyingi, ingia Safe Mode (Windows ya dharura), safisha kwa DDU, programu ya kufuta draiva, huku umechomoa intaneti ili Windows isikimbilie kuweka ya kwake, kisha weka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA.

Kwa maelezo yako, dau letu ni pawa saplai. Kabla ya kununua, azima moja ya wati 650 ya kuaminika kwa jioni moja, au peleka kadi yako kwa mwenzako mwenye pawa saplai nzuri mkacheze gemu hiyohiyo. Ikizima na kule, basi fundi wako alikuwa sahihi na kadi ni mbovu. Ukienda Kariakoo kununua pawa saplai, geuza boksi usome mstari wa +12V palepale dukani; muuzaji anayekuzuia kufungua boksi, muachie mzigo wake.

Swali: Natumia monita ya zamani yenye VGA, tundu la picha la kizamani. Kompyuta yangu ina HDMI tu, tundu la kisasa, kwa hiyo nimeweka kile kiadapta kidogo. Baada ya kama nusu saa ya gemu picha inapotea. Nikichomoa na kuchomeka inarudi. Monita nayo ni ya kutupa? *Msomaji, Kigamboni*

Jibu: Shika hicho kiadapta picha ikipotea. Kama kinaunguza, umempata. Ndani yake kuna chipu inayogeuza dijitali kuwa analojia, na umeme wake unaibwa kutoka pini ya 18 ya HDMI, ambayo kwa kanuni inalazimika kutoa miliampia 55 tu. Kadi nyingine hutoa zaidi, nyingine hazitoi, ndiyo maana kiadapta kilekile hufanya kazi kwa jirani na kwako kinakata. Nunua chenye tundu dogo la USB pembeni, ukilishe umeme wake.

Lakini kwanza geuza monita uangalie nyuma. Zile za ofisini nyingi zina DVI, tundu la picha la dijitali, pembeni ya VGA, na watu hawaigusi. Waya wa HDMI kwenda DVI haugeuzi chochote, mawimbi ni yaleyale, kwa hiyo hakuna chipu ya kuchemka. Utapoteza sauti kwa monita nyingi, basi tumia spika.

Na kwa kuwa uko karibu na bahari: angalia pini za VGA. Zikiwa na ukijani, hiyo ni chumvi ya upepo imekula shaba. Chomoa vyote kwenye umeme, sugua kwa mswaki uliochovya alkoholi ya isopropili, acha dakika 10 ikauke. Mafuta ya kulainishia bawaba usipulize humo.

Swali: Nikifungua gemu tu monita inaandika "Out of Range". Desktopu haina shida. *Msomaji, Tabata*

Jibu: Huko signali ipo, ila ni kubwa kuliko monita inavyoweza. Gemu imehifadhi ukali (idadi ya vidoti vya picha) au Hz za monita nyingine, mara nyingi baada ya kunakiliwa kutoka kompyuta ya mtu. Ikiwa imezima hivyo, bonyeza Alt na Enter. Gemu nyingi zitaingia kwenye dirisha na utaiona menyu. Chagua ukali wa monita yako, kwa mfano 1366 kwa 768 au 1600 kwa 900, na Hz 60. Ikigoma, funga gemu, tafuta faili lake la mipangilio kwenye Documents au AppData, lihamishe kwingine. Gemu itaunda jipya ikifunguka. Faili la maendeleo yako ya gemu usiliguse, linaweza kuwa folda hiyohiyo.