Maneno Yana Mambo: hela, posho na kibarua

Safari hii barua karibu zote ni za hela, sijui ni mwisho wa mwezi au nini, basi nimezikusanya hapa pamoja. Walioniuliza mambo ya vyakula wanivumilie, zamu yao inakuja.

Ustadh, mimi ni wa Mombasa nimeolewa Moshi. Huku kila mtu ni hela, hela, nikisema pesa wananielewa vizuri tu ila wao wenyewe hela haiwatoki mdomoni. Kwetu sikuzoea kuisikia hivyo. Ni neno la wapi, na mbona halikuvuka mpaka?
*Msomaji, Moshi*

Dada yangu, halikuvuka kwa sababu waliolileta nao hawakuvuka. Hela ni ya Wajerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo kwao, na jina lenyewe limetokana na mji wa Hall, siku hizi unaitwa Schwäbisch Hall, ndiko zilikokuwa zinagongwa enzi hizo za kale. Walipokuja kutawala huku walikuta watu wa pwani wanahesabu kwa rupia na pesa za Kihindi, rupia moja ni pesa 64, na ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki nayo kuanzia 1890 ikagonga pesa zake kwa hesabu hiyo hiyo. Sasa fikiria karani wa Kijerumani aliyezoea kugawa kwa mia anahangaika na 64. Mwaka 1904 serikali ikaamua rupia moja iwe na heller 100, watu wakaitamka walivyoweza, ikawa hela. Vita vya kwanza vya dunia vilipowabana, meli haziji tena na sarafu hakuna, wakageuza karakana ya reli pale Tabora ikawa inagonga hela, hiyo ni 1916, na hapo hapo wakagonga hadi ya dhahabu ya rupia 15 ina picha ya tembo, ukiiona leo kwa wakusanyaji bei yake si ya mchezo.

Baadaye Mwingereza akaleta shilingi, sarafu ikafa, jina likabaki mtaani kama halijasikia kitu. Na ukifika Burundi, ambako nako kulikuwa chini ya Mjerumani, pesa wanaita amahera, unaona hilo? Ila shule, ambayo nayo ni Kijerumani kabisa, yenyewe ilivuka mpaka ikaenda hadi kwenu Mombasa, na Wazanzibari wao wakang'ang'ania skuli ya Mwingereza.

Na usije ukadhani pesa ndiyo ya kwetu asilia, maana hiyo ni paisa ya Bara Hindi. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alishagonga pesa zake 1882, zina picha ya mizani. Kisarafu cha shaba, kidogo cha kununulia vitu vidogo, leo ndilo jina la mabilioni yanayozunguka kwenye simu tangu M-Pesa ianze 2007. Fedha je? Hiyo ni Kiarabu, maana yake ile madini nyeupe, kwa hiyo medali ya fedha na Wizara ya Fedha ni neno moja, na ndugu zetu wa Kongo wanaosema feza wala hawajakosea.

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi shambani nalipwa kila Jumamosi, msimamizi anasema huo ndio mshahara wangu, mwenzangu mmoja akacheka akasema wewe ni kibarua huna mshahara. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba. Kwa lugha ya leo msimamizi yuko sawa, ila ukienda kwenye asili mwenzako amekushinda. Mshahara umetoka kwenye Kiarabu, ndani yake kuna shahr, yaani mwezi. Ni malipo ya mwezi. Kwa hiyo "mshahara wa wiki" ukiupasua unapata kitu kama "umwezi wa wiki", ila nani atakuuliza, watu wameshausahau huo mwezi zamani.

Kibarua ndiyo tamu zaidi. Ni barua ndogo tu, ki-barua, karatasi. Zamani mtu wa kazi ya kutwa akimaliza siku yake anapewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba leo amefanya kazi, anakwenda nacho kulipwa. Basi kile kikaratasi kikampa jina mwenye kukibeba, halafu kikaipa jina na kazi yenyewe, ndiyo unasikia leo mtu amepata kibarua Dubai wakati ana mkataba wa miaka miwili na bima juu. Na akifukuzwa tunasema kibarua kimeota nyasi. Karatasi, ikawa mtu, ikawa ajira, mwishoni ikaota nyasi. Sijui lugha ngapi zina neno lililosafiri hivyo.

Kwa kuwa uko kazini nikuongezee posho, hukuuliza lakini nimeipenda mwenyewe. Asili yake ni chakula cha siku anachopewa mtu wa kazi, mfano wapagazi wa misafara iliyokuwa inatoka Bagamoyo kwenda bara, kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kwenda kununulia chakula njiani. Sasa angalia lilivyogawanyika. Uganda likabaki na chakula, posho ni ugali, mwanafunzi wa bweni kule anajua posho na maharage kuliko anavyojua jina la waziri. Kenya likaenda kwenye mashine, posho mill, pale unaposaga mahindi. Tanzania likaacha kabisa sufuria likawa pesa, posho ya kikao, posho ya safari, na kila bunge likikaa magazeti hayaachi kuandika posho za wabunge. Mbunge wa Dodoma na mwanafunzi wa Kampala wote wanapokea posho, mmoja inaliwa kwa kijiko mwingine inaliwa vingine.

Eti daladala inahusiana na dola ya Marekani, kweli hiyo au kijiwe tu?
*Kondakta, Dar*

Kweli kaka. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na hata Uingereza kwenyewe shilingi tano mtaani waliita dola, kwa sababu miaka ya 1940 pauni ilikuwa kama dola nne na pauni ina shilingi 20, gawanya mwenyewe. Miaka ya 80 mwanzoni nauli ya yale mabasi ya watu binafsi ikawa dala moja, makonda wenzako wakawa wanaita dala, dala, likaganda. Matatu ya Kenya nayo inasimuliwa hivyo hivyo, nauli ya senti kumi kumi tatu. Dala yenyewe leo hainunui hata pipi.

Bibi yangu akikasirika husema "sikupi hata sumuni". Sumuni ni nini?
*Msomaji, Nairobi*

Senti 50. Kwa Kiarabu thumni ni moja ya nane, na hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa, senti 50 ni nusu ya shilingi, nane imetoka wapi? Imetoka kwenye reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, kila moja imeandikwa 1780 hata kama imegongwa jana. Reale ilikuwa kama rupia mbili, kwa hiyo thumni yake ni robo rupia, na Mwingereza alipoigeuza rupia kuwa shilingi mbili, robo yake ikaangukia senti 50. Bibi anakunyima kwa hesabu ya sultani.

Wa Arusha uliyeuliza kuhusu laki, hiyo ni ya Wahindi pia, na hundi ni yao vile vile. Na yule aliyetaka kujua kwa nini rushwa tunaiita chai, barua yako ndefu mno ndugu, itakula ukurasa mzima, nimeiweka ya toleo lijalo.