Kasha la Doki Nyuma ya Kibodi: Pima Kebo Kwanza

Vijana wengi wanaoingia karakana za Nairobi wakitaka kuunda kiambatisho cha kibodi chenye nafasi ya doki (kifaa kinachoiunganisha laptopu na skrini, umeme na mtandao) huanza kwa kupima doki yenyewe, kisha huchora kisanduku kinachoibana barabara pande zote. Mchoro huo hupendeza kwenye skrini, lakini siku ya kuunganisha vifaa hubainika kwamba plagi haina pa kupita wala kidole hakina pa kuishikia. Ninakusihi wewe unayeanza uichukulie doki kuwa sehemu rahisi ya kazi hii, na akili yako uielekeze kwenye kebo na joto.

Chomeka kila kebo utakayoitumia, ya skrini, ya umeme, ya mtandao na ya kompyuta, uziache zipinde zenyewe bila kulazimishwa, ndipo uchukue kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi, na kupima kuanzia ukingo wa doki hadi pale kebo inapomaliza kupinda. Doki yenye urefu wa milimita 120 inaweza kudai milimita 50 zaidi kwa ajili ya kebo ya HDMI peke yake. Wala usipime tundu la doki ukadhani ndicho kipimo cha mlango wa kasha: ncha ya chuma ya plagi ya USB-C ina upana wa milimita 8 na ushei, ilhali plastiki inayoizunguka huweza kufika milimita 12, na baadhi ya kebo utakazonunua Luthuli Avenue ni nene kuliko hivyo. Ukuta wa kasha ukiizuia plastiki hiyo, plagi haizami hadi mwisho, na utahangaika na skrini inayowaka na kuzimika huku ukiilaumu doki isiyo na kosa. Ndiyo maana mimi hupendelea kuuacha upande wa nyuma wazi kabisa. Kabla ya kuchapisha chochote kwa printa ya 3D, kata umbo zima kwa kadibodi, uweke doki na kebo zake zote ndani, kisha uweke kibodi mahali pake na kuitumia kuandika kwa muda.

Joto nalo halina mzaha. Doki inayochaji laptopu kwa wati 60 au 100 hupata moto, na plastiki ya PLA, ambayo ndiyo rahisi kuchapisha, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Kasha la namna hiyo hupinda hata likiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. PETG, plastiki nyingine ya kuchapishia, huvumilia hadi karibu nyuzi 80, nami naona inastahili bei yake. Toboa matundu chini na juu ili hewa baridi iingie na ya moto itoke, na uweke miguu ya mpira ili matundu ya chini yasizibwe na meza.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kukukunjia kasha nadhifu la bati la alumini, na bati hutoa joto vizuri. Hata hivyo, kipokezi cha kipanya kisichotumia waya kikifungiwa ndani ya bati, mawimbi yake hukwama. Isitoshe, Intel ilionyesha mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya mawimbi ya redio, si ya sauti, katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vipokezi hivyo. Kitoe nje ya kasha kwa kebo fupi ya kurefushia.

Kuhusu mahali pa kuiweka, doki ikae nyuma ya kibodi, isikae chini yake, kwa kuwa kibodi iliyoinuliwa upande wa nyuma hukunja vifundo vya mikono na kuvichosha. Funga kiambatisho kwa skrubu za M3, yaani zenye kipenyo cha milimita 3, zinazoingia kwenye nati za shaba zilizozamishwa katika plastiki kwa pasi ya kulehemu, wala usitumie gundi, kwa sababu doki ikiharibika utahitaji kuitoa bila kuvunja kasha.