Kwa karani mpya ghalani: sehemu, desimali na asilimia

Msimu wa mavuno ukifika Nakuru, maghala ya mahindi huajiri vijana wa kupima na kuandika. Wengi wao walifanya hesabu vizuri shuleni, ila huku mambo huja kwa mpigo: mkulima anataja sehemu, mizani inasoma desimali, kipimo cha unyevu kinatoa asilimia, na mwenye mali amesimama mbele yako akingoja pesa zake. Ikiwa umeajiriwa juzi, haya ndiyo ningependa uyashike.

Kugeuza kwenyewe si kazi kubwa. Tatu juu ya nane maana yake ni 3 gawanya kwa 8, yaani 0.375. Zidisha kwa 100, unapata asilimia 37.5. Ukitaka kurudi, andika 375 juu ya 1000 kisha ufupishe mpaka ufike 3/8. Zile za kila siku zikariri: robo ni 0.25, thumuni 0.125, moja juu ya tano 0.2. Hizo zikikaa kichwani, nyingi nyingine utaziunda bila kutoa simu mfukoni.

Chunga asilimia ndogo. Mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya wa Kenya, ni asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa desimali hiyo ni 0.0275, na ile sufuri baada ya nukta ndiyo huwaponyoka watu. Mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 550. Ukiandika 0.275, umemkata mwenzako 5,500. Kabla ya kubonyeza chochote, jiulize asilimia 1 ni ngapi. Hapa ni 200, na 2.75 iko kati ya 2 na 3, kwa hivyo jibu lazima liwe kati ya 400 na 600. Jibu lolote nje ya hapo, rudia.

Halafu kuna theluthi. Ukigawanya 1 kwa 3, tarakimu haziishi: 0.333 na kuendelea. Tuseme ndugu watatu kutoka Njoro wameleta magunia 200 ya kilo 90, kila mmoja ana theluthi yake. Jumla ni kilo 18,000. Karani anayetumia 0.33 atamwandikia kila mmoja kilo 5,940, na kilo 180 zitabaki bila mwenyewe. Hayo ni magunia mawili kamili, na ndugu wamevunjiana heshima kwa kidogo kuliko hicho. Theluthi iache ikiwa sehemu: gawanya kwa 3 mwishoni, kila mtu apate 6,000. Kanuni ni kwamba sehemu ikishafupishwa, ikiwa namba ya chini imeundwa kwa 2 na 5 pekee, desimali itaisha. Ikiwa ndani yake kuna 3, 7 au nyingine kama hizo, haitaisha.

Lakini mahali ambapo mkulima huumia au ghala hupata hasara ni kwenye unyevu, kwa hiyo hapa twende polepole. Bodi ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mama mmoja analeta gunia la kilo 90, kipimo kinasoma 20. Karani wengi hutoa 13.5 kwenye 20, wanapata 6.5, wanakata asilimia 6.5 ya kilo 90 na kuandika 84.15. Hapana. Ile 20 ni asilimia ya gunia bichi, na ile 13.5 ni asilimia ya gunia lililokauka, ambalo uzito wake ni mwingine. Huwezi kutoa moja kwenye nyingine kana kwamba ni za kitu kimoja.

Shika kisichobadilika. Kwenye kilo 90, maji ni moja juu ya tano, yaani kilo 18, na mahindi yenyewe ni kilo 72. Jua halipunguzi hizo 72. Gunia likikauka, maji yatakuwa asilimia 13.5, na hizo 72 zitakuwa asilimia 86.5 iliyobaki ya uzito mpya. Basi 72 gawanya kwa 0.865: kilo 83.2. Tofauti na hesabu ya kwanza inakaribia kilo moja kwa gunia, na kwenye lori la magunia mia moja ni kilo 91.

Mama akiuliza, "Kijana wangu, kilo zangu karibu saba zimeenda wapi?", usimwonyeshe kikokotoo. Mwambie, "Mama, mahindi yako makavu ni kilo 72, hayajaguswa. Kilichopungua ni maji, kutoka kilo 18 hadi 11 na kidogo." Mwandikie namba hizo tatu kwenye risiti. Na kwenye kitabu chako, kila unapoandika asilimia, weka pembeni ni ya nini: "ya gunia bichi" au "ya gunia kavu". Karani wa zamu ya jioni hatalazimika kukupigia simu.